Mstari wa Shehena

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, siku ya mia mbili na kumi na tatu ya safari yao, mke wa mkaguzi alikuwa amesimama kwenye jiko dogo la mashua akihamisha sukari. Aliitoa kwenye kabati la chini akaipandisha rafu ya pili, karibu na chumvi na kopo la majani ya chai. Zikafuata viberiti, kilo mbili za unga, na bahasha ya picha za wajukuu. Nanga ilikuwa bado majini. Juu, mumewe alikuwa akifungua kamba za tanga huku anapiga mluzi, maana upepo ulikuwa mzuri, na upepo mzuri ulimfanya ajione kijana.

Mwanamke alipomaliza, aliivua futi ya kushonea aliyozoea kuivaa shingoni, akashusha ncha yake hadi sakafuni, akasoma. Mstari ulikuwa umefika inchi ishirini. Jana yake jioni ulikuwa kumi na saba. Akaiandika namba hiyo kwa kalamu ya risasi nyuma ya mlango wa kabati, chini ya namba nyingine thelathini na nne.

Ulikuwa mstari mweupe, upana wake kidole gumba, nao ulikizunguka chumba chote bila kukatika. Ulipita ukutani, ukapita kwenye mlango wa choo, ukakata miguu ya meza, ukapita mbele ya magoti yake mwenyewe, juu kidogo ya pindo la gauni. Rangi ilikuwa mbichi. Ukiigusa, kidole kinatoka cheupe. Ulijitokeza wiki tano nyuma, siku ya pili baada ya barua ya wakili, ukiwa kwenye kisigino, na tangu hapo ulikuwa unapanda nusu inchi kwa siku. Inchi tatu kwa usiku mmoja hazijawahi kutokea, lakini yeye alijua leo ni siku gani, kwa hiyo hakushangaa.

Vilivyokuwa chini ya mstari vilikuwa vimelowa. Maji yenyewe hayakuwapo, si ya kuchota wala ya kufuta kwa tambara, ila ukiacha mkate pale unauokota ukiwa chepechepe na una chumvi. Ukiinama kichwa kikapita chini ya mstari, ilibidi ubane pumzi. Hilo alilijua tangu siku alipoinama kuokota kitunguu chini ya meza, akainuka anakohoa, pua inamuwasha kwa maji ya bahari. Mumewe alimpigapiga mgongoni akamwambia atafune polepole. Wiki ya tatu, mstari ulipokaribia kitanda, mwanamke alihamishia godoro lake juu ya meza, na mumewe akamwachia mto wa pili.

Mkaguzi mwenyewe hakuwa na mstari. Ukimfikia ulikoma upande mmoja wa ngozi yake ukaendelea upande wa pili, kama vile hayupo. Aliketi sakafuni kufunga viatu, akapumua, akapiga mluzi. Soksi zake zilikuwa kavu muda wote. Si kwamba aliukana mstari. Aliuona kama mtu anavyouona ufa kwenye ukuta wa nyumba ya kupanga. Mara moja tu aliuzungumzia, aliposema kwamba rangi ile ni ya bei rahisi.

Na kuhusu rangi za namna hiyo, huyu bwana alikuwa na haki ya kusema. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kukagua vyombo vya abiria. Kila meli ina mstari uliopakwa ubavuni, mstari wa shehena, unaoonyesha mwisho wa meli kuzama majini ikiwa imebeba. Mstari ukimezwa na maji, hakuna mtu mwingine kupanda, hata awe shangazi wa waziri. Kabla chombo hakijapewa hati ya mwaka, mkaguzi huenda na utepe wake, akapima kutoka sitaha hadi kwenye mstari, akahakikisha haujahamishwa, ndipo anatia sahihi. Hivyo ndivyo kitabu kilivyosema. Ofisini kwao walikuwa na njia nyingine, wakiiita kukagua kwa simu, na wakicheka kila wanapoitaja.

Jumamosi aliyoolewa binti yao wa mwisho, tarishi alileta hati nyumbani. Ilikuwa ya meli iliyotaka kuanza safari Jumatatu. Mkaguzi, tai ikiwa nusu shingoni, alimpigia mwenye meli.

"Rangi imekauka?"

"Imekauka, mzee."

"Haya."

Feni ilikuwa inazunguka, karatasi inapepea mezani. Mkewe alitoka chumbani na gauni ambalo zipu yake haijafika juu, akaweka vidole viwili kwenye kona ya karatasi ili itulie, akasema, "Tia sahihi twende, baba, watu wanatusubiri." Akatia. Kushona kifungo cha shati kunachukua muda mrefu kuliko ule.

Mstari wa meli ile ulikuwa umepakwa juu ya mahali pake kwa shubiri mbili, ili ibebe zaidi. Wiki ya saba ilizama na watu sitini na wanne, ikalala kwenye kina ambacho hakuna utepe unaofika. Mahakamani, hati ya mkaguzi ilisema mstari ulikuwa mahali pake. Ikiwa mstari ulikuwa mahali pake na meli imezama kwa uzito, basi nahodha ndiye aliyeuzamisha mstari. Nahodha alisema hakuuzamisha, aliuona kwa macho yake uko juu ya maji mpaka dakika anaondoka gatini. Wakampa miaka kumi na minane. Tisa alikuwa ameshaimaliza.

Huyo nahodha mke wa mkaguzi alikuwa anamfahamu kwa vipimo. Alimshonea mashati meupe ya kazi miaka sita mfululizo: shingo kumi na sita, mikono ishirini na nne, bega la kulia limeshuka kidogo kuliko la kushoto. Mke wa nahodha ndiye aliyekuja kuyachukua, mwanamke mchangamfu aliyemwita dada na kumletea maneno ya mtaa kabla hayajapoa. Baada ya hukumu mwanamke yule aliendelea kuja, akiwa na sare za watoto za kupunguza na kuongeza. Hakuwahi kuuliza lolote. Hilo ndilo lililokuwa zito.

Rufaa ya mwisho ilipopangiwa tarehe, mkaguzi aligundua kwamba maisha yake yote alikuwa anatamani kuzunguka visiwa. Akanunua mashua. Watoto walifurahi, wakasema wazee wamestahili. Lakini dunia haina pa kujificha, na wiki tano nyuma barua ya wakili wa nahodha iliwakuta kwenye posta ya bandari moja ndogo, imeandikwa kwa adabu. Rufaa itasikilizwa saa nane mchana tarehe fulani. Majaji wamekubali ushahidi kwa simu, nao watapiga saa hiyo hiyo. Kinachohitajika ni mtu mmoja tu aliyekuwapo, aseme kama mstari ulipimwa au haukupimwa. Baada ya siku hiyo sheria haina mlango mwingine.

Tarehe fulani yenyewe ndiyo hii leo.

Waling'oa nanga saa moja. Kisiwa walichokuwa wanakwenda kilikuwa umbali wa maili thelathini na nane, na kwa upepo ule wangefika saa kumi. Mkaguzi alishika usukani, mkewe akatandaza tanga la mbele na kufunga kamba yake vizuri, kwa fundo alilojifunzia humo humo safarini. Bahari ilikuwa ya buluu, imetulia, haina habari na mtu. Alipopanda sitaha, mstari aliukuta huko pia, umepita kwenye mlingoti na kwenye magoti yake, maana mstari ule haukuwa na ubishi: popote mtu alipokanyaga ulianza kuhesabu kutoka hapo chini.

Saa nne ulifika inchi thelathini na nne. Alikuwa anamenya viazi akauhisi unapita kiunoni, baridi, kama mshipi wa mtu mwingine. Aliharakisha. Jiko la gesi lilikuwa kwenye inchi thelathini na sita, na alitaka viazi viive kabla. Havikuiva. Moto ulizimika chini ya sufuria taratibu, wa bluu, wa njano, kisha hakuna. Akawasha kiberiti, kikalowa. Akawasha cha pili.

"Baba," aliita, "njoo unisaidie jiko."

Mkaguzi akafunga usukani kwa kamba, akashuka, akawasha kwa njiti moja. Moto ukawaka vizuri kabisa chini ya mstari, kwa kuwa mkono uliouwasha ulikuwa wake. Alichemsha viazi, akachemsha na chai, akammiminia mkewe kikombe na kumtilia vijiko viwili vya sukari bila kuulizwa. Hakuwa mume mbaya. Miaka arobaini na mmoja hakuwahi kumwinulia mkono, na mkewe alipougua nimonia alimwogesha mwenyewe. Kikombe kilipokuwa mezani chai ilikuwa na ladha ya bahari. Mwanamke alipokiinua juu ya kifua ikawa chai. Akainywa yote akiwa amekiinua.

Saa sita mchana, inchi arobaini na nne, alipanda juu akasimama karibu na mumewe. Benchi la usukani lilikuwa la chini sana, na mwenye kukaa pale kinywa chake kingekuwa chini ya mstari. Kwa hiyo alisimama, ameshika waya wa mlingoti.

"Leo ndiyo siku," alisema.

"Siku ya nini?"

"Baba, tusifanyiane mchezo."

Mkaguzi alitazama tanga, akalegeza kamba inchi mbili, tanga likashiba upepo. "Unataka nifanye nini? Nina miaka sitini na tisa. Nikisema neno moja watanichukua hapo hapo gatini. Pensheni itakwenda, nyumba itakwenda."

"Yule ana watoto watatu."

"Ameshamaliza nusu. Nusu ya pili huwa inakwenda mbio, kila aliyekaa ndani atakwambia." Akalitazama tanga tena. "Na mtu huzoea. Ana pa kulala, ana chakula. Mimi nikiingia mle, sitoki."

"Watu sitini na wanne."

"Niliwaua mimi?" Sauti yake haikupanda. "Wamekufa. Maji yakimwagika hayazoleki, mama. Nikisema, atafufuka nani?"

"Nahodha hajafa."

Mkaguzi akajishughulisha na dira. Mwanamke aliona kwamba mkono wake umetulia, na akamchukia kwa kiasi cha kumtisha mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka arobaini na mmoja, na chuki ile ilikaa kifuani pale pale mstari ulipokuwa.

"Basi nitasema mimi," alisema. "Nilikuwapo. Wamesema yeyote aliyekuwapo."

Mkaguzi hakugombana. Alimtazama kwa huruma ya kweli, huruma ya mtu anayemfahamu mwenzake hadi mifupa.

"Sema," alimwambia. "Simu iko kwenye droo ya juu, nimeichaji. Ila ukiwaambia sikwenda kupima, watakuuliza ulijuaje. Utawaambia ulikuwapo. Watakuuliza ulikuwa unafanya nini. Uwaambie basi kwamba ulinishikia karatasi isipepee. Uwaambie ulisemaje."

Kisha akamuuliza kama kuna limao la kukamulia viazi. Lilikuwapo, kwenye rafu ya juu kabisa, akamletea.

Kuanzia saa saba mstari ulipanda mtu akiutazama. Ulipita kwenye kioo cha chooni ukakikata katikati. Ulipita kwenye rafu ya pili, sukari ikalowa na chumvi ikayeyuka, na bahasha ya picha akaiwahi akaipachika kwenye wavu wa dari. Alipanda tena sitaha akiwa ameshika simu juu ya kichwa kwa mikono miwili, kama mtu anayevuka mto na mtoto. Saa nane kasoro dakika tatu alipima: inchi hamsini. Ulikuwa umemzunguka shingo. Wahenga wana msemo wao kuhusu maji na shingo, lakini mama huyu alikuwa fundi cherehani na alichokuwa anakifikiria ni kwamba inchi hamsini kutoka chini ndipo anapoanzia kukata kola.

Alikuwa amejiandaa. Alikuwa ameyapanga maneno kwa wiki tano, akiyarudia juu ya meza aliyolalia, na yalikuwa machache. Haukupimwa. Alipiga simu tu. Mimi nilikuwapo.

Simu ililia saa nane kamili.

"Mama, shikamoo," alisema wakili. Alikuwa binti mdogo, sauti yake safi, ungedhani yuko kwenye benchi la usukani. "Tuko mahakamani. Unanisikia?"

"Marahaba. Nakusikia."

"Tumemwomba mzee, lakini majaji wanasema hata wewe unatosha. Watauliza swali moja, labda mawili. Uko tayari?"

"Niko tayari."

Alisikia kiti kinasogezwa. Alisikia karatasi zinafunuliwa, na feni ya darini inayohitaji mafuta. Akasikia mtu anakohoa, kikohozi kifupi cha kusafisha koo, na akamjua. Shingo kumi na sita. Alijiuliza sasa itakuwa ngapi, baada ya miaka tisa ya chakula cha jela. Kumi na nne na nusu, labda. Kola ingemcheza.

Sauti ya mzee mmoja, nzito, isiyo na haraka, ikauliza: "Shahidi, siku hati ya ukaguzi iliposainiwa, mstari wa shehena wa chombo hicho ulipimwa?"

Mke wa mkaguzi akafungua kinywa. Neno lilikuwa tayari ulimini, neno moja, dogo. Nyuma ya neno lile aliliona swali la pili limesimama, na nyuma ya swali la pili aliviona vidole vyake viwili kwenye kona ya karatasi, vimepakwa rangi nyekundu ya kucha kwa ajili ya harusi. Alimwona binti yake anaambiwa siku yake ya ndoa ilitumika kwa nini. Alimwona mke wa nahodha, yule aliyemwita dada miaka yote, anazitazama sare za watoto mkononi mwake na kukumbuka nani alizishona. Mumewe, kwenye usukani, hakugeuka. Alikuwa anatazama mbele, anapiga mluzi kwa pumzi tupu, bila sauti.

"Halo?" alisema mke wa mkaguzi.

"Tunakusikia, mama," alisema wakili. "Jibu tu swali la Jaji."

"Halo? Halo? Sikusikii."

"Mama, sisi tunakusikia vizuri sana. Unasema—"

"Inakatika. Halo? Inakatika."

Haikuwa inakatika. Alisikia wakili anavuta pumzi. Alisikia feni. Akabonyeza kitufe chekundu, akaizima simu kabisa, akaishika juu ya kichwa hivyo hivyo, maana mstari ulikuwa umeanza kwenda. Ulipita kidevuni ukiwa baridi, ukafika chini ya mdomo, ukagusa ukingo wa mdomo wa chini, ukasimama hapo. Alisubiri. Alihesabu mpaka mia. Kisha akaugusa kwa kidole, na kidole kilitoka kikavu, hakina rangi.

Aliona aibu, aibu nzima nzima, isiyo na pa kuiweka, na chini yake, Mungu amsamehe, aliona nafuu.

"Vipi?" aliuliza mumewe baada ya muda.

"Mtandao."

"Baharini ndivyo ilivyo," alisema mkaguzi. Akanyoosha mkono akamshika bega kidogo, akaurudisha kwenye usukani.

Kisiwa kilitokea saa tisa na nusu, kwanza kilima, kisha mnara wa simu, kisha mapaa ya bati. Waliingia bandarini saa kumi kasoro dakika tano, kama mkaguzi alivyopiga hesabu. Alirusha kamba mwenyewe, akaifunga kwenye nguzo ya gati kwa mkono mmoja, na mtu aliyekuwa anaosha ndoo hapo karibu akamsifu. Mwanamke alishuka wa mwisho. Alitembea ameinua kidevu, kwa hatua fupi, maana kila alipokunja goti kuruka shimo kwenye saruji mdomo na pua vilizama na ilibidi asubiri anyooke ndipo apumue.

Ofisa wa bandari alikuja na ubao wenye fomu na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, amechoka kwa namna ya watu wanaojaza fomu zile zile. Aliandika jina la chombo, walikotoka, idadi ya watu, magonjwa hakuna, wanyama hakuna. Kisha akamtazama mwanamke.

"Mstari?"

"Upo."

"Inchi ngapi?"

"Hamsini na tatu na nusu."

"Umekauka?"

"Umekauka. Saa nane hivi."

Ofisa akaandika. "Basi huo hautapanda tena," alisema. "Wala haushuki, nisikudanganye. Tafuta stuli ya kukalia, mama, zile ndefu za baa. Kuna fundi seremala nyuma ya soko anatengeneza." Akamgeukia mkaguzi, akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia, na kwenye nafasi yake akachora kistari kifupi cha hakuna.

"Mimi sina," alisema mkaguzi, ingawa hakuulizwa.

"Naona, mzee. Waliotia sahihi huwa hawapati. Sijui kwa nini, mimi hujaza tu." Akafunua ukurasa wa pili. "Mna chochote cha kutolea taarifa?"

Lilikuwa swali la fomu. Kalamu ilikuwa imeshafika kwenye kisanduku, inasubiri. Mke wa mkaguzi alimtazama ofisa yule, mtu asiyemjua, mwenye muhuri na simu ya mezani na barabara ya lami inayokwenda mpaka kituo cha polisi, na kwa muda wa pumzi mbili kinywa chake kilikuwa juu ya mstari, huru.

"Hakuna," alisema.

Ofisa akapiga muhuri.

Waliingia mjini kwa miguu. Kwenye kibanda cha viatu alikuwapo mwanamke mmoja mnene, mstari umempita chini ya matiti, anapanga ndala kwenye kamba ya juu. Walipopishana aliinamisha kichwa kidogo, kama watu wanavyosalimiana kwenye foleni ya hospitali, na mke wa mkaguzi akamjibu hivyo hivyo. Mkaguzi aliona mgahawa wenye viti vya plastiki na meza safi, akasema ana njaa ya kuweza kula meza yenyewe. Aliagiza samaki wawili wa kukaanga na wali. Aliketi. Mkewe alisimama upande wa pili, ameegemea nguzo, akawasha simu akiwa ameishika usawa wa paji la uso.

Kulikuwa na ujumbe wa maandishi kutoka kwa wakili, mstari mmoja na nusu. Rufaa imetupwa kwa kukosa ushahidi mpya. Pole na asante.

Kulikuwa na ujumbe mwingine, wa sauti, kutoka kwa mke wa nahodha. Aliusikiliza simu ikiwa imebanwa sikioni, kichwa amekilaza ili sikio hilo libaki juu ya mstari.

"Dada yangu, shikamoo. Nimetoka mahakamani sasa hivi, niko kwenye ngazi hapa, ndio maana kuna kelele. Basi, imeshindikana. Anarudi kumalizia. Lakini nimesema kabla sijapanda gari nikupigie nikushukuru, maana wakili ametuambia ulitafutwa huko katikati ya bahari na ukapokea. Mtu mwingine asingepokea, dada. Mwenyewe alisikia sauti yako kwenye spika, akageuka akanitazama, akatabasamu, sijamwona akitabasamu siku nyingi. Mtandao tu ndio haukutaka. Najua kama mngekuwa na la kusaidia mngesaidia, nyinyi si watu wa kuficha. Msalimie mzee. Muendelee kupumzika, mmefanya kazi sana. Mkirudi nina sare za yule mdogo, amerefuka huyo, utashangaa."

Ujumbe uliishia kwenye honi ya gari.

Mhudumu alileta samaki. Mkaguzi akaminya limao juu ya wake, kisha juu ya wa mkewe, akamchambulia miiba ya upande mmoja kama alivyofanya siku zote. Mwanamke aliandika jibu, akalifuta, akaandika tena. Mwisho aliandika: Tuko pamoja, mdogo wangu. Akalituma.

"Nani huyo?" aliuliza mumewe.

"Mteja wangu. Ana sare za kuongeza pindo."

"Kaa basi ule, mama. Kinapoa."

Alitazama kiti. Alikiweka vizuri kwa mguu, akaiacha simu juu ya ukingo wa dirisha, mahali pa juu. Kisha akavuta pumzi ndefu, akaibana, akakaa.